Samaki Wanahema Juu ya Maji? Tazama Saa Kwanza, Kisha Upepo

Alfajiri moja ya mwezi wa Machi kijana wa jirani alinibishia mlango, ndoo mkono mmoja, chupa ya dawa ya buluu mkono wa pili.

"Ami, shikamoo. Samaki wameingia ugonjwa. Wote wako juu wanatafuna hewa."

"Marahaba, mwanangu. Umewaona hivyo tangu saa ngapi?"

"Nilipoamka kuswali."

"Na jana adhuhuri?"

"Jana walikuwa wazima, wanacheza."

Sikufungua ile chupa, wala sikuchungulia ndoo. Nilichukua tochi nikapanda naye darini kwao. Pipa la plastiki la lita 200, jeusi, mdomo wazi, limesimama juani tangu vuli. Maji kijani kama mchuzi wa mchicha. Nilitia mkono: vuguvugu, na jua halijatoka. Kipimajoto kilisema nyuzi 28. Nikamwambia achukue kopo, achote maji na kuyamimina kutoka juu, kwa kimo cha mkono ulionyooshwa, achote tena, amimine tena. Baada ya robo saa hivi samaki wakaanza kushuka mmoja mmoja. Dawa alirudi nayo chini imefungwa.

Vitabu vingi vya samaki wa mapambo vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Huko mtu hungoja majira ya joto ndipo awatoe samaki nje, na baridi ikikaribia huwarudisha ndani. Ukiusoma ushauri huo ukiwa Kisauni au Likoni, hapa kwetu Mombasa, utauelewa kinyume. Hapa samaki anaweza kukaa nje mwaka mzima, na msimu wa kumchunga sana ni ule ule wa joto: kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, hewa inapofika nyuzi 32 au 33 mchana na usiku haupoi. Samaki wa dhahabu asili yake China, na raha yake ni maji ya nyuzi 18 hadi 24. Kwake Mombasa ni joto kila siku, na kaskazi ni tanuri. Gapi, moli na beta, samaki wengine wadogo wa mapambo, ni watu wa joto, lakini hata wao wana mpaka.

Basi anayeniletea samaki "mgonjwa" namuuliza mambo matatu kabla sijamtazama samaki mwenyewe. Alianza saa ngapi? Huu ni msimu wa upepo gani, kaskazi au kusi? Jana ulitia nini? Majibu hayo hutatua kesi nyingi kuliko dawa zote za dukani.

Wanahema alfajiri, jua likipanda wanapoa

Huyu ndiye mgonjwa wa yule kijana. Maji ya kijani ni mwani, mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja kwa jicho. Mchana mwani hutoa oksijeni, maji yakawa na hewa ya kutosha, na samaki wakachangamka. Usiku mwani wenyewe unavuta oksijeni ile ile, pamoja na samaki, pamoja na uchafu unaooza chini. Hewa hupungua saa baada ya saa, na inakuwa ndogo kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Ndiyo maana mwenye pipa akilala hadi saa mbili asubuhi haoni shida yoyote, ila siku moja anakuta maiti.

Joto linaongeza ubaya. Lita moja ya maji baridi kidogo, nyuzi 20, inabeba kama miligramu 9 za oksijeni. Kwenye nyuzi 30 ni kama saba na nusu tu. Na samaki mwenyewe, joto likipanda, mwili wake unakwenda mbio na unataka hewa zaidi. Yaani mfuko unapungua wakati matumizi yanapanda.

Dawa ya papo hapo ni kopo, kama tulivyofanya. Dawa ya kudumu: punguza samaki, acha kulisha jioni (chakula cha magharibi kinaoza usiku, na usiku ndio wakati wa njaa ya hewa), weka kivuli, na tumia chombo kipana badala ya kirefu. Hewa inaingia majini kupitia uso wa maji. Beseni pana la lita 60 linapumua vizuri kuliko mtungi wa lita 60 wenye shingo nyembamba, ingawa maji ni kiasi kimoja. Beseni nalo lisiwe la kina kifupi sana, maana kifupi kinachemka upesi. Kina cha mkono hadi kiwiko kinafaa.

Mwenye pampu ya hewa ana dalili yake ya pekee: wanahema saa yoyote, hata usiku wa manane, na ukichunguza unakuta stima ilikatika. Ukiwa na samaki wengi kiasi kwamba hawawezi kuishi bila pampu kwa muda wa saa sita, basi una samaki wengi kupita kiasi, hilo halina mjadala. Pampu iwe ya kuwasaidia, isiwe ndiyo roho yao.

Wanahema adhuhuri, au wanalala pembeni mchana

Hapa adui ni joto lenyewe. Pipa jeusi juu ya sakafu ya saruji linachomwa juu na chini. Pima maji saa nane mchana, siyo asubuhi. Ukikuta nyuzi 33 na kupanda, usitafute ugonjwa mwingine.

Kosa linalofuata ni la huruma: mtu anamimina barafu. Samaki anavumilia joto linalopanda polepole kuliko baridi inayomshukia ghafla. Gandisha maji kwenye chupa ya lita moja au mbili, uifunge, uiache ielee pipani, na ukae na kipimajoto. Ukishashusha nyuzi moja au mbili, toa. Gunia lililoloweshwa na kuzungushwa pipani linasaidia pia, kwa kazi ile ile ya mtungi wa udongo: maji yanapokauka juu ya gunia yanaondoka na joto. Ila hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo gunia hufanya kazi pale penye upepo. Kwenye kona iliyofungwa utaloweka gunia bure.

Sasa kuna kesi moja iliyonisumbua miaka miwili kabla sijaielewa. Beseni langu nililiweka nyuma ya ukuta mwezi wa Juni, kivulini kabisa, samaki wakastawi. Novemba wakaanza kuhema mchana. Sikuwa nimesogeza kitu. Nilibadilisha maji, nikabadilisha chakula, nikamlaumu muuzaji. Nilichokuwa sijatazama ni jua.

Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, kwenye siku kumi hivi za mwanzo wa Machi na siku za mwanzo za Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua la adhuhuri huegemea upande wa kaskazini. Baada ya hapo, miezi yote ya joto, linahamia kusini. Na kwetu kibla ni kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo huhitaji dira kuyajua haya: ukuta ulioko upande wa kibla wa beseni lako unalifunika mwezi wa Juni, na mwezi wa Disemba haulifuniki tena. Kivuli kimeruka ukuta kikaenda upande wa pili. Anayetaka kivuli cha kaskazi aweke chombo upande wa kibla wa ukuta. Asiyeweza kuhamisha chombo atandaze makuti juu, nusu ya mdomo, nusu ibaki wazi kwa upepo. Bati siyo kivuli, ni kikaango. Nimeliona likiwekwa juu ya tangi kwa nia njema.

Wanahema au wanarukaruka saa moja baada ya kutiwa maji

Tazama maji yametoka wapi. Mombasa maji yana njia nyingi, na kila moja ina tabia yake.

Ya mfereji yametiwa klorini. Kiasi kisichomdhuru mtu kinaunguza matamvua ya samaki. Siku zenye maji mengi ya klorini hata pua inasikia. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, mdomo mpana, na klorini itatoka. Kama mna haraka, kuna dawa ya kuondoa klorini dukani, matone machache. Maji ya boza (lori la maji) na ya mkokoteni yachukulie kama ya mfereji hata ukiambiwa ni ya kisima, kwa sababu muuzaji naye huenda hajui, na tena mtungi huenda jana ulioshwa kwa sabuni.

Ya kisima hayana klorini, lakini yametoka katika mwamba wa matumbawe, kwa hiyo yana chokaa nyingi, na karibu na bahari yana chumvi kidogo. Moli na gapi wanayapenda. Beta anavumilia. Wale samaki wadogo wenye mstari unaong'aa, kina neoni, wanataka maji laini, na mtu akiwaweka kwenye maji ya kisima cha kisiwani namwonea huruma yeye kuliko samaki.

Kuna jambo la maji ya chokaa ambalo wafugaji wengi hawalijui. Taka za samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Katika maji ya pH 7 (pH ni kipimo cha uchachu wa maji; 7 ni katikati, juu yake ni upande wa chokaa) sehemu kubwa ya amonia iko katika umbo lisilo na sumu kubwa. Ikifika pH 8, ambayo kwa maji ya kisima chetu si ajabu, sehemu yenye sumu inaongezeka kama mara kumi kwa uchafu ule ule, na joto linaizidisha tena. Ndiyo sababu mtu anayefuata maagizo ya kitabu cha maji laini, samaki ishirini kwa chombo fulani, anapoteza wote. Dalili za amonia: matamvua mekundu kama yamechubuka, samaki wamekaa juu hata mchana, na pampu inarusha mapovu lakini haiwasaidii. Badilisha robo ya maji leo, robo kesho, na usilishe siku mbili. Samaki mzima halali njaa akafa kwa siku mbili, msiwe na wasiwasi.

Birika jipya la saruji ni kesi ndogo lakini chungu. Saruji mpya hutoa chokaa kali. Jaza, acha wiki, mwaga, jaza tena, na tena. Weka gapi mmoja kwanza kabla ya kutia jamaa wote.

Maji kijani, maji meupe

Kijani chenyewe hakiui. Samaki wengi wanaokua nje wananawiri katika maji ya kijani hafifu. Ukiona vidole vyako ukizamisha mkono hadi kiwiko, acha. Usipoviona, punguza jua na chakula. Usimwage maji yote, maana maji mapya na jua lile lile yatarudi kijani ndani ya wiki. Magugu maji machache au yungiyungi yatamnyang'anya mwani chakula na mwanga pamoja. Magugu maji tu usiyatupe mtoni ukimaliza.

Meupe kama maziwa, mara nyingi kwenye chombo kipya au baada ya mgeni kuwalisha mkate: ni bakteria wanashangilia karamu. Toa mkate, acha kulisha, tia hewa. Yatajisafisha.

Wanakufa siku ya pili ya mvua

Masika hapa huanza Aprili na Mei ndio kilele, kisha vuli Oktoba na Novemba. Samaki wakifa mvua ya kwanza, fuata maji ya paa. Bati limekaa miezi mitatu likikusanya vumbi, chumvi ya bahari na kinyesi cha kurabu (kunguru wa mjini), na mvua ya kwanza inalisugua na kumwaga vyote pipani kwa dakika kumi. Geuza mfereji wa bati mapema, mvua mbili tatu za mwanzo ziende chini. Tena toboa tundu karibu na ukingo wa pipa na ulizibe kwa wavu, ili maji yakizidi yatoke bila kuondoka na samaki. Nimewahi kuokota samaki wa dhahabu kwenye mtaro wa ua, hai, na paka amekaa hatua tatu ananitazama kama mimi ndiye mwizi.

Kifo kingine cha mvua kinakuja bila paa. Pipa lilikuwa kijani sana, mawingu yakafunika siku tatu, na asubuhi moja maji yamegeuka rangi ya chai na yananuka. Mwani umekufa kwa kukosa mwanga, na unapooza unameza oksijeni yote. Hapo huna muda wa kufikiri: mwaga nusu ya maji, tia yaliyolala ndooni, kisha kopo.

Madoa meupe kama chembe za chumvi

Hili sasa ni ugonjwa kweli. Nje ninauona zaidi wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, usiku unaposhuka hadi nyuzi 21 au 22 na upepo unapiga. Beseni dogo linapoa usiku na kupata joto mchana, samaki wa joto wanadhoofika, na kimelea kinapata nafasi. Samaki anajisugua kwenye ukuta wa chombo, kisha madoa yanaonekana kwenye mapezi.

Doa unaloliona limejificha chini ya ngozi ya samaki, na dawa hailifikii. Linaanguka, linazaliana chini, na watoto wake wakiogelea kutafuta samaki ndipo dawa inawaua. Kwa hiyo anayetibu siku mbili, akaona madoa yametoka, akaacha, atarudi kwangu wiki ijayo. Endelea siku kadhaa baada ya doa la mwisho kupotea.

Chumvi ya jikoni inatosha mara nyingi. Kijiko kimoja cha chai kwa lita mbili za maji ni gramu tatu hivi kwa lita. Usitie zote pamoja: igawe kwa siku mbili, ikiyeyushwa kwanza kwenye kopo. Mimea ihamishe, haitaipenda. Kambare na wengine wasio na magamba wapewe nusu. Gapi na beta wakiwekwa ndani, maji yakafika nyuzi 30 na pampu inafanya kazi, kimelea kinamaliza mzunguko wake upesi na tiba inafupika. Samaki wa dhahabu usimfanyie hivyo.

Watu huniuliza kama maji ya bahari yanafaa, maana tunayo bure. Kwa hesabu ndiyo, lita moja ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Lakini maji ya ufukoni mjini huja na mengine mengi. Pakiti ya chumvi haigharimu kitu.

Wazima magharibi, asubuhi wote wamekufa, maji safi

Uliza nani alipuliza dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza zinatokana na viini vya jamaa ya pareto vilivyotengenezwa kiwandani, ambavyo kwa mtu ni hafifu na kwa samaki ni kali mno, kwa kipimo kidogo sana. Dalili ukiwahi kuiona: wanakimbia ovyo, wanapinduka, wanatetemeka. Inaudhi zaidi kwa sababu wengi wetu tunaweka gapi birikani kwa ajili ya mbu. Mombasa imepata dengi mwaka 2013 na chikungunya mwisho wa 2017 hadi 2018, na mbu anayezieneza anazaa kwenye maji masafi ya nyumbani. Gapi wachache hawaachi kiluwiluwi hata kimoja. Basi penye gapi hapahitaji dawa. Kama chumba cha jirani kinapulizwa, funika chombo kwa plastiki na uzime pampu kwa muda huo, kwani pampu inavuta hewa ya chumba na kuishindilia majini.

Wanapungua, na hakuna maiti

Kurabu wa Mombasa hana haya. Anatua ukingoni, anangoja chakula chako kiwalete samaki juu, kisha anachagua. Wavu wa matundu madogo uliokazwa, siyo uliolegea ndani ya maji, unamaliza hadithi. Paka ataacha alama za unyevu sakafuni. Samaki aliyeruka mwenyewe utamkuta amekauka nyuma ya pipa, kama sisimizi hawajakutangulia, na hiyo inakurudisha kwenye amonia au hewa.

Lakini wakipotea wale wadogo tu, mmoja au wawili kila siku, na wavu upo, chukua chujio la chai upitishe taratibu chini kwenye tope. Nilifanya hivyo nyumbani kwa bibi mmoja Majengo aliyekuwa akiwalaani kurabu kwa mwezi mzima. Nikatoa wadudu wanne wa kahawia, urefu wa kiungo cha kidole, wana miguu sita na taya linalofyatuka mbele kama mkono. Ni watoto wa kereng'ende. Mama yao alitaga kabla ya wavu kuwekwa. Bibi aliwatazama mmoja mmoja kwenye chujio, akaniuliza kama kuku wanawala. Wanawala.